Kamba Niliyoipeleka Ofisini

Fomu ile niliichora mimi. Naanza na hilo kabla mtu hajanionea huruma, maana kila nikisimulia habari hii watu hunipa pole, na mimi pole siitaki. Niliichora kwa mkono wangu, kwa rula na kalamu ya wino mweusi, nikaitoa kwenye mashine ya stensili mpaka vidole vikawa vyeusi, nikaisambaza vijiji vyote vya mradi, kuanzia upande wa Chemba mpaka ng'ambo ya Haneti. Nilijivuna nayo, jamani. Sikumbuki kitu kingine katika ujana wangu nilichojivunia vile.

Nilikuwa mchoraji katika mradi mmoja wa visima virefu, hapa Dodoma mjini. Jina la mradi siliandiki. Ulikwisha kufa na waliokuwemo tumetawanyika. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Madukani sabuni zilijaa, mitumba ilimwagwa chini kwenye maturubai, lakini ofisini kwetu hata karatasi ilikuwa ya kuombana. Vipuri vya mashine, ambavyo zamani vililetwa na lori la serikali, sasa kila kijiji kiliambiwa kikajitafutie kwa wafanyabiashara. Na wenzetu walikuwa wanapunguzwa kazi kwa orodha zinazobandikwa mlangoni. Kila asubuhi nilikuwa nausoma mlango kabla ya kuufungua.

Kazi yangu ilikuwa ramani. Ukutani, nyuma ya meza ya bosi, palikuwa na ramani kubwa niliyoichora mwenyewe, na kila kijiji chenye mashine ya maji kilikuwa na pini. Pini ya buluu, mashine inafanya kazi. Pini nyekundu, mashine imekufa. Kila mwezi mwendesha mashine wa kijiji alijaza fomu, akampa yeyote anayekuja mjini, nami nikaisoma na kupanga pini. Wafadhili wakija, bosi alikuwa anageuza kiti tu, anawaonyesha. Nani apate fundi, nani apate mashine mpya, yote yaliamuliwa kwa kuutazama ukuta ule.

Sasa, mwendesha mashine wa kijiji chetu, huko upande wa Haneti, alikuwa baba yangu mzazi. Mama alikwisha fariki zamani, na baba aliishi na dada yake, shangazi yangu, ambaye hakuolewa. Mashine ile aliipenda. Aliifuta kila jioni kwa kitambaa chake maalumu, na ole wako ukifutia kitu kingine. Kwa hiyo fomu niliyoichora mimi ilijazwa na baba yangu, ikarudi kwangu, na kati yetu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia.

Fomu ya zamani ilikuwa kurasa mbili, nusu yake mistari mitupu chini ya neno "Maelezo". Waendesha mashine walikuwa wanaijaza hiyo mistari balaa! Salamu za mwenyekiti, habari za mvua, ng'ombe wa nani kafa, harusi ya nani inakuja, na mahali fulani katikati, bomba linavuja. Ilinichukua wiki kuzisoma zote. Karatasi zilipoadimika nikaona nafasi yangu. Nikaifuta ile mistari yote. Nikatengeneza fomu ya nusu karatasi: Hali ya mashine, nzuri au mbaya. Hali ya maji, nzuri au mbaya. Hali ya kamati, nzuri au mbaya. Weka alama ya vema, saini, basi. Bosi aliishika juu mbele ya watu akasema, "Huyu ndiye mfanyakazi. Ninyi wengine mnaniletea magazeti." Jina langu halikubandikwa mlangoni mwaka ule.

Lakini sisi watu wa huku, ukituuliza hali, tunajibu nzuri. Hata kama umetoka kuzika. Kwanza unajibu nzuri, kwa heshima ya aliyekuuliza, halafu unavuta pumzi, halafu ndipo unasema "ila". Mtu anayeanza na mabaya ni mtu asiyelelewa. Mama alipofariki mimi nilikuwa shule ya bweni, na baba aliniandikia barua. "Sisi hapa hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na macho yetu." Ikafuata habari ya mahindi. Ikafuata salamu za shangazi. Kifo cha mama kilikuwa ukurasa wa pili, chini, baada ya salamu zote kwisha. Nilikuwa nimekwisha kutabasamu, nimekaa kitandani bwenini, nafurahia habari za nyumbani.

Mtu aliyepokea barua ya namna ile, mtu huyo huyo, akaja akachora fomu inayouliza hali na isiyoacha nafasi ya "ila". Mpaka leo nikilifikiria hilo natamani kujizaba kibao.

Katikati ya mambo hayo tukaitwa semina. Semina zilikuwa nyingi miaka ile, na tulizipenda kwa sababu ya chai na vitafunwa. Mtoa mada alikuwa kijana wa Chuo Kikuu, amerudi kutoka masomoni nje, shati limechomekwa, miwani imeteleza puani. Alituambia siku zinakuja ambapo vitu vitaongea vyenyewe. Pampu ya kijijini itaiambia ofisi kwamba imechoka, bila mtu kuulizwa. Pipa la dizeli litaliambia tangi, tangi litaiambia pampu, na vyote vitamwambia fundi, kabla hata mwenye kijiji hajaamka. Ukumbi ulicheka mpaka chai ikamwagika. Simu ya ofisi yetu ilikuwa imekatwa tangu mwezi uliopita! Mimi nilicheka kuliko wote. Nikanyoosha mkono nikamuuliza, kwa dharau kabisa, hiyo pampu yake itaongea Kigogo au Kiswahili.

Hakukasirika. Alinijibu, "Dada, usingojee waya. Chora fomu yako leo kana kwamba mashine ndiyo inayoijaza. Mashine haina adabu. Haijui kukuambia nzuri. Inajua imezunguka saa ngapi, imekunywa mafuta kiasi gani, imetoa ndoo ngapi. Hayo ndiyo maneno yake. Halafu tazama kama pipa na ndoo vinakubaliana nayo."

Nilirudi kukaa. Niliudhika, kwa sababu alinijibu vizuri mbele ya watu. Siku hizi nasikia kuna mita zinazotuma zenyewe kiasi cha maji kwa simu, na kila zikitajwa namkumbuka yule kijana na miwani yake. Siku ile nilimwita mpuuzi, nikala sambusa, nikaenda zangu.

Wiki chache baadaye, Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato, shangazi alinijia nyumbani. Alikuwa ameleta mbuzi wawili kuuza. Nilipomwona nilishtuka. Midomo imepasuka, nguo zake zimegeuka rangi ya udongo, na shangazi yangu mimi ni mtu wa usafi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaomba maji. Akanywa kopo la kwanza, la pili, la tatu, bila kukaa.

"Habari za nyumbani, shangazi?"

"Nzuri," akasema. Akafuta midomo. "Ila mashine imekufa, mama. Kilichokatika ndani wanakiita krenki. Tangu tulipovuna."

"Tangu mavuno? Miezi mitatu?"

"Baba yako anachimba korongoni. Ni kisima chake yeye na kamba yake. Kila wiki maji yanakimbilia chini, naye anayafuata. Watu wa mtaa mzima wanateka hapo. Upande wa pili wa kijiji wameanza kuhama na mifugo."

Nikamwambia haiwezekani. Ndiyo, nilimbishia! Nilimwambia shangazi yangu, aliyesimama mbele yangu na midomo inayotoka damu, kwamba fomu inasema nzuri. "Baba yako anasema wewe unazo habari," akasema. "Amewaambia watu wote hivi: Binti yangu anasoma kila ninachoandika, msiwe na wasiwasi."

Jumatatu niliwahi ofisini kabla ya mhudumu wa chai. Nikalitoa faili la kijiji chetu. Fomu tatu za mwisho. Hali ya mashine, nzuri, alama ya vema safi kabisa, na saini ya baba yenye mkia mrefu. Nikaigeuza ya kwanza. Nyuma, kwenye karatasi tupu, mwandiko wake ulijaa ukurasa mzima: "Baada ya salamu, mwanangu, napenda kukujulisha ya kuwa mashine haiwaki, krenki imekatika, tunaomba msaada upesi." Nikaigeuza ya pili. "Baada ya salamu, mwanangu, nadhani barua yangu ya kwanza umeipata." Ya tatu ilianza, "Mwanangu, sikulaumu, najua kazi ni nyingi."

Nililia pale pale, kichwa juu ya meza. Halafu nikaanza kugeuza za wengine. Kijiji baada ya kijiji. Mbele nzuri, nyuma kilio. Wote walikuwa wametuandikia, na hakuna hata siku moja niliyogeuza karatasi, kwa sababu fomu yangu ilikuwa ya upande mmoja na mimi ndiye niliyeifanya hivyo, na nilikuwa na haraka ya kuchoma pini za buluu.

Nikakumbuka maneno ya yule kijana wa semina. Nikakimbilia stoo ya mafuta, mlango wa tatu kutoka wangu, nikaomba daftari la dizeli. Kijiji chetu kilikuwa hakijachukua dizeli tangu mavuno. Hata tone! Daftari lilikuwa likisema ukweli muda wote huo, hatua kumi kutoka kwenye ramani yangu, na hakuna aliyewahi kulipeleka chumba kimoja mpaka kingine. Pipa lilijua. Mimi nilikuwa sijui.

Nikaing'oa pini ya buluu ya kijiji chetu, nikachoma nyekundu. Bosi alipoingia aliiona kabla hajaweka mkoba.

Mumwelewe bosi pia, hakuwa mtu mbaya. Kwenye bohari ilikuwa imebaki mashine moja tu, ya mwisho, na wafadhili walikuwa wanafunga mradi. Tayari ilikuwa imeandikiwa kijiji kimoja cha upande wa Chemba, iende Ijumaa ya wiki ile. Kile kilikuwa na mto wenye maji umbali wa saa moja kwa miguu, na mwendesha mashine wake alikuwa kijana wa mjini asiyejua adabu zetu. Aliandika mbaya, basi akapata pini nyekundu.

"Hapo si kwenu?" bosi akaniuliza, kidole kwenye pini yangu.

"Ni kwetu, mzee. Lakini tazama hizi barua. Na daftari la dizeli, tazama, miezi mitatu hawajachukua."

"Hawajachukua kwa sababu siku hizi kila mtu anajinunulia kwa wafanyabiashara. Ndiyo ruksa yenyewe hiyo. Na barua hizi ni za nani?"

"Za baba yangu."

Akavua miwani. "Bibie. Nikiihamisha mashine ya mwisho ya mradi kwa barua ya baba yake mchoraji wangu, kesho mimi na wewe tuko mlangoni. Niletee kitu cha kushika mkononi. Si maneno. Una mpaka Alhamisi."

Kesho yake nilipata lori la mfanyabiashara wa magunia, nikakaa juu ya mzigo mpaka njia panda, nikamalizia kwa miguu. Jua la mwezi wa kumi huku kwetu linakupiga utosini bila huruma. Kijiji kilikuwa kimya. Kwenye nyumba ya mashine pipa la dizeli lilikuwa limejaa mpaka shingoni, na mashine inang'aa. Baba alikuwa bado anaifuta! Imekufa miezi mitatu, anaifuta.

Nilimkuta korongoni. Katikati ya mchanga palikuwa na shimo, jembamba, refu, nikichungulia sioni chini. Baba alisimama ukingoni akivuta ndoo kwa kamba, amekonda, mifupa ya mabega imetokeza. Wanawake walikaa kwenye mstari na ndoo zao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama! Karibu, karibu. Habari za mjini? Habari za kazi?"

"Nzuri. Na hapa, hali ya mashine?"

"Mashine nzuri," akasema baba, na akatabasamu. "Ila haiwaki."

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilimfokea baba yangu mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Nilimuuliza kwa nini asiandike mbaya, neno moja, mbaya, alama ya vema moja tu! Wanawake wakainamisha vichwa. Baba akaendelea kuvuta ndoo yake taratibu, akammiminia aliyekuwa mbele, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyeuliza, mwanangu. Ningekujibuje vibaya?"

Nikakaa kwenye mchanga. Nikaitazama ile kamba, maana sikuweza kumtazama yeye. Na nilipoitazama nikaona kitu. Haikuwa kamba moja. Ilikuwa vipande vipande, vimeungwa kwa mafundo makubwa. Nikamuuliza. Akanieleza kwamba kila maji yanaposhuka yeye huongeza kipande, la sivyo ndoo haifiki. Alivijua vipande vyote, alinihesabia kwa kidole: hiki ni cha mwezi ulipoandama, hiki wiki iliyofuata, hiki walipoanza kuhama wale wa ng'ambo. Kutoka ndooni kuelekea juu vipande vilikuwa vifupi kwanza, halafu virefu zaidi, halafu virefu sana, kwa sababu maji yalikuwa yanakimbia.

Hii ndiyo! Hii ndiyo fomu! Haikuwa na nzuri wala mbaya. Shimo lilikuwa limejiandika lenyewe kwenye kamba, wiki kwa wiki, na hata mtu asiyejua kusoma angeinyoosha akaona tunakokwenda. Nilisimama nikacheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka kwa furaha pale korongoni. Nilikuwa nafikiria ukuta wa ofisi. Nilikuwa naiona imening'inia kando ya ramani, na bosi ameishika.

"Baba, nipe hii kamba. Naipeleka mjini. Siku tatu tu, narudi na mashine."

Wanawake waliinua nyuso. Baba aliitazama kamba, akalitazama shimo. Kidogo tu, kufumba na kufumbua.

"Una nyingine?" nikamuuliza.

"Ipo, mwanangu," akasema. "Chukua."

Nikaizungusha begani, nzito, inanuka tope. Nilirudi na lori la kwanza nililolipata.

Alhamisi saa tatu asubuhi niliipigilia msumari juu ya ramani, ncha yake nikaiachia. Ilishuka ukutani, ikatambaa sakafuni, ikapita chini ya meza ya bosi, ikafika mlangoni. Wenzangu walikuja kutazama. Nikaandika vijikaratasi vidogo, nikavifunga kwenye kila fundo: mwezi huu, wiki hii, wiki hii. Kando yake nikabandika ukurasa wa daftari la dizeli, ili fundo la kwanza na siku ya mwisho ya dizeli vikae mstari mmoja. Vilikutana barabara. Sikuandika sentensi hata moja.

Bosi aliingia akasimama. Aliishika kamba pale ukutani, akaanza kuifuata kwa mkono, fundo kwa fundo, akiinama, mpaka akafika mlangoni akiwa amechuchumaa na suti yake. Akakisoma kijikaratasi cha mwisho. Aliinuka. Alikwenda mezani, akafuta jina la kijiji cha upande wa Chemba, akaandika letu, akasaini.

"Wa Chemba wana mto," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Halafu akaniambia, "Fomu zote zichorwe upya. Ziwe kama hii."

Nilikaa mezani siku ile nikachora mpaka ofisi inafungwa. Fomu mpya haikumuuliza mtu hali. Ilikuwa na picha ya pipa, utie kivuli mafuta yalipofikia. Picha ya ndoo, upige mstari kwa kila kumi. Picha ya kamba. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nalisema bila kujificha, na kwa saa zile chache nilikuwa mtu mwenye furaha kamili. Nilipanga kumtumia salamu yule kijana wa semina, kumwomba radhi.

Ijumaa gari la mradi liliondoka na mashine imefungwa nyuma, fundi mmoja na mimi mbele. Kamba nilikuwa nayo mapajani, nimeikunja vizuri, nimevifungua vijikaratasi. Nilitaka kumrudishia mwenyewe, mkononi. Njia nzima nilimsimulia fundi habari ya baba yangu, anavyoifuta mashine, anavyoongea nayo. Fundi akacheka, akasema mtu kama huyo watafanya naye kazi vizuri.

Tulipokaribia kijiji hatukuona watoto wakikimbilia gari. Uani kwetu watu walikuwa wamekaa chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na moto unawaka mchana. Nilijua. Hakuna aliyehitaji kuniambia, lakini nilishuka nikawaamkia wote mmoja mmoja, na wote walinijibu, na nikaendelea kuamkia mpaka watu wakaisha na hapakuwa na wa kumuamkia ila shangazi.

Aliniketisha. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, ameshalia akamaliza. Siku ile niliyoondoka watu walitumia yaliyokuwa ndooni mwao. Jumatano maji yalikwisha, na watoto walikuwa wanalia. Baba akachonga vidato ukutani mwa shimo akashuka mwenyewe na kibuyu, anateka, anapanda nusu, anampa mtu, anashuka tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Mara ya mwisho mchanga ulijibomoa ukamfunika. Walichimba kwa mikono mpaka alasiri. Walimzika jana, kwa sababu ya joto hawakuweza kuningoja. Upande mwingine wa korongo walikuwa wameanza shimo jipya, na maji yalikuwa yameonekana chini.

"Lakini kamba," nikasema. "Alikuwa na kamba nyingine. Nilimuuliza, shangazi. Aliniambia ipo."

"Kamba nyingine ipi?"

Aliichukua ile iliyokuwa mapajani mwangu, akaifungua, akanionyesha kipande kwa kipande, akisema: Hiki ni cha mbuzi, ndiyo maana mbuzi niliwapeleka mnadani. Hiki ni cha kitanda chake, analala chini tangu mwezi ule. Huu ni mpira wa ndani wa baiskeli yake. Hii ni ngozi ya kigoda cha mama yako. Hizi ni za jirani, aliziomba zote, nyumba kwa nyumba, hakuna iliyobaki mtaa mzima. Kila kamba tuliyokuwa nayo ilikuwa humu.

Nilikuwa nimeishika kwa siku tatu. Nilikuwa nimeisoma fundo kwa fundo, nimeipima, nimeifunga vijikaratasi, nimewafundisha watu wazima kuisoma. Mpira wa baiskeli ya baba niliuona kwa macho yangu. Nilipanda baiskeli ile nikiwa mtoto. Niliangalia urefu tu, kwa sababu urefu ndio niliouhitaji.

Nje, fundi alikuwa anawaeleza wanaume kwamba kuifunga mashine kutachukua siku mbili, labda tatu, kwa sababu msingi wa zamani haulingani na miguu ya hii mpya. Wanaume waliitikia kwa vichwa. Wanawake walianza kuinuka, mmoja mmoja, wakachukua ndoo zao.

Shangazi naye aliinuka. Nilikuwa nimeikumbatia ile kamba, sijui saa ngapi niliichukua tena kutoka kwake, nimeikumbatia kifuani na tope lake lote, na ninalia kwa sauti. Alisubiri kidogo. Kisha akainama akaanza kuichomoa mikononi mwangu, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Lete, mama," akasema. "Watu hawajanywa tangu asubuhi."